Walipoliona Gari Langu, Walikimbilia Majini

Sehemu ya Sita

Kama wiki iliyopita hukunisoma, nitakueleza haraka haraka, maana mwenyewe sina utulivu wa kurudia mambo. Mimi ni Modesta, mama Hellen, mjane wa Buswelu. Nanunua dagaa kwenye mialo ya huku ziwani, kule wavuvi wanakoshushia samaki, na kuwauza soko la Mwaloni, pale Kirumba. Kwa miaka mingi nilikuwa na kigari chekundu, Vitz, mpaka kikachoka kubeba magunia. Nikakiuza, nikaenda mnadani, nikanunua Land Cruiser ndefu nyeupe iliyokuwa ya mradi fulani uliofungwa. Stika za mlangoni zilikuwa zimebanduliwa, lakini alama zake zilibaki, kama kidole cha mtu aliyevua pete.

Hata wiki haikuisha. Watu wa Mabatini wakanisimamisha, wakampakia mjamzito bila kuniuliza, wakijua ni gari la hospitali. Mtoto alizaliwa humo humo nyuma, na nesi akanifokea mimi kwa kukosa glavu. Hapo ndipo tulipoishia, na mimi nilidhani balaa la gari hili limekwisha.

Lilikuwa halijaanza.

Ngoja nikuambie kitu kuhusu magari. Mtu akinunua gari anadhani amenunua la kumbeba tu. Hajui kwamba amenunua na macho ya watu, na hayo macho hayachagui kwenye yadi.

Nikiwa na Vitz, kila trafiki alikuwa na hamu na mimi. Leseni. Pembetatu. Mtungi wa kuzimia moto. Bodaboda walinipiga kwenye paa kwa kiganja, "Mama, songa basi!" Wanaume nisiowajua walikuja kunielekeza namna ya kurudi nyuma hata pale ambapo sikuwa narudi nyuma.

Siku ya kwanza na hili jeupe, trafiki yule yule aliyenizoea alinyoosha mkono kunipitisha, akabana miguu, akapiga saluti. Niligeuka nyuma kuona ni nani anapita. Hapakuwa na mtu.

Mabatini, mwenye duka ambaye nimenunua kwake tangu Hellen ananyonya alinitolea risiti ya mashine kwa ajili ya kiberiti. Sikuwahi kujua kwamba ana mashine.

Na Buswelu, mwenyekiti wa mtaa alinijia nyumbani amevaa koti, akauliza barabara itachongwa lini.

"Mwenyekiti, ni mimi, mama Hellen."

"Najua, mama. Lakini hao uliokuja nao wamesemaje?"

"Nimekuja na nani?"

Akalitazama gari, akalitazama tena, akashusha sauti. "Basi. Siku ukiruhusiwa kusema, utatuambia."

Hellen alikuwa nyumbani, likizo ya chuo. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mama, hili gari lina sura ya serikali. Lipake rangi."

"Rangi gani?"

"Yoyote. Hata ya chungwa."

Sikupaka. Nakuambia ukweli wangu: niliipenda ile saluti. Mjane aliyezoea kusukumwa pembeni, akipigiwa saluti hata mara moja, analala vizuri siku hiyo.

Lakini kilichonikosesha utulivu wiki hiyo hakikuwa gari. Alikuwa Otuoma.

Otuoma ni mvuvi mwenye mtumbwi wake, Mjaluo wa Rorya aliyehamia mwalo mmoja upande wa Magu. Jina la mwalo nalificha, na ukifika mwisho utajua kwa nini. Nimenunua dagaa wake siku nyingi. Mke wake alifariki kama alivyofariki mume wangu, na taratibu tukaanza kuongea habari zisizohusu dagaa. Katika wanaume wote wa ziwa hili, ni yeye peke yake ambaye hakuwahi kuicheka Vitz yangu. Mwezi uliopita aliniomba nimkubali anioe. Nikamwambia anipe muda nifikiri. Asubuhi ile nilikuwa naenda kumpa jibu, na jibu lilikuwa ndiyo.

Sikumpigia simu. Wala sikuwa nimemwambia kwamba nimebadili gari. Nilitaka kumshtukiza.

Basi nikamshtukiza.

Nilitokea juu ya kilima, mwalo wote ukiwa chini yangu: chanja za kuanikia dagaa, mitumbwi mchangani, wanawake wakigeuza dagaa juani, wanaume wameketi wakishona nyavu. Kwa furaha nikapiga honi.

Mwalo mzima ukanyanyuka. Wanawake walitupa mafagio. Wanaume walisimama na nyavu zenyewe mikononi, wengine wakazama kwenye matete, wengine wakapotelea kwenye mashamba ya mtama. Mitumbwi mitatu ilisukumwa majini kwa fujo, watu wakiirukia huku wanaanguka. Mama mmoja akapanda juu ya chanja, akafunga kanga nyekundu kwenye mti mrefu, naye akatoweka.

Nilipozima injini hapakuwa na mtu. Sufuria ya chai ilikuwa bado inachemka.

Nikashuka na gauni langu jipya la kitenge, nikasimama katikati ya mwalo mtupu kama mgeni rasmi aliyekosea tarehe. Nikampigia Otuoma. Simu ikaita karibu na miguu yangu, mchangani, alikoiangusha. Nikainama kuitazama. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Mama Hellen Vitz.

"Shikamoo, afande."

Niligeuka. Nyuma ya chanja kulikuwa na bibi ambaye miguu yake haikumruhusu kukimbia. Mama wa umri wa kunizaa, ananiamkia mimi. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto.

"Mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

Hakuitikia. Alikuwa amebeba sato mkubwa kwenye jani la mgomba. "Pokea, afande. Mboga ya watoto."

"Mimi si afande, mama. Mimi ni mnunuzi wa dagaa."

Bibi akatikisa kichwa polepole. "Hata wale wa mwezi uliopita walisema wananunua dagaa."

Hapo ndipo nilipolielewa gari langu. Watu wa doria, wale wanaosaka uvuvi haramu, huja na Land Cruiser ndefu nyeupe. Na mwezi uliopita walikuja pale kama wanunuzi, wakaulizia dagaa, wakaonja, wakataniana na watu, kisha wakakusanya nyavu na kuzichoma moto pale pale mchangani. Kwa hiyo kila nilivyozidi kujieleza, ndivyo nilivyozidi kuwa mtu wa doria.

"Nauza Kirumba, mama. Nenda kaulize Mwaloni, wananijua."

"Nao walitaja Kirumba."

"Nitazame basi. Nina bunduki mimi?"

"Walikuwa na mwanamke pia. Mzuri, amevaa vizuri kama wewe."

Nikauliza swali ambalo sikupaswa kuliuliza. "Otuoma yuko wapi?"

Sato akaanguka mchangani. Bibi akapiga magoti.

"Afande, mwanangu hana ubaya! Nani amewapa jina lake?"

Mwanangu. Huyu alikuwa mama Aluoch, mama yake Otuoma. Otuoma aliniambia kwamba mama yake amekuja kutoka Rorya tangu mwezi uliopita, anangoja kumwona mkwe mtarajiwa, na mimi nilikuwa nimeshonesha gauni kwa ajili yake. Sasa ndiye huyu amepiga magoti mbele yangu, na mimi nimesimama kama mti.

"Inuka, mama, nakuomba."

"Sikiliza kwanza. Ule wavu wa matundu madogo si tabia yake. Nyavu zake halali zilichakaa, akauazima ule apate samaki wa haraka haraka. Ni sababu ya mwanamke! Anataka kuoa mwanamke wa mjini, mwenye kigari chekundu. Nimemwambia, mtu mwenye gari utamlisha nini wewe? Atalala kwenye nyumba ya nyasi? Tangu amwone huyo mwanamke hana akili. Kama mnamkamata, mkamateni na huyo."

Jamani.

Ile Vitz yangu. Ile ambayo mjini kila mwenye kiganja alikipiga kwenye paa lake. Huku ziwani ilikuwa inaonekana ni utajiri, na mwanaume wa watu, asiyewahi kuicheka, alikuwa anaiogopa. Aliniambia nyavu zake ni halali, na alinidanganya, na alinidanganya kwa ajili yangu. Nilikasirika na nikataka kulia, vyote kwa pamoja.

"Mama, huyo mwanamke..." Nilitaka kusema ni mimi. Lakini macho yakaenda ziwani.

Mitumbwi miwili ilikuwa imefika mbali, inakaribia kuzunguka rasi. Wa tatu ulikuwa umesimama. Mtu mmoja ndani yake alikuwa anavuta kamba ya injini. Anavuta. Anavuta tena. Upepo ulikuwa unatoka nchi kavu na kumsukuma kilindini. Makasia yake yalikuwa hapa, mchangani, karibu na simu.

Nilimjua kwa mabega.

"Mama, mwite arudi! Waite na wale wenzake wamvute!"

"Kanga iko juu. Kanga ikiwa juu, aliyeko majini anakaa majini."

"Basi ishushe!"

"Siwezi kuishusha gari lenu likiwepo. Ndivyo walivyokubaliana wote hapa. Mwezi uliopita wenzako waliishusha wenyewe, watu wakarudi, wakawapokea na pingu."

Niliruka nikataka kuivuta kanga mwenyewe. Bibi akanikumbatia miguu, akang'ang'ania kwa nguvu ambayo sikuitegemea. Ningeweza kumsukuma. Unamsukumaje mama mkwe siku ya kwanza?

"Nikiondoka na gari, utaishusha?"

"Likipita kilima. Nikiacha kulisikia."

Nikakimbilia kwenye gari. Ili mwanaume ninayempenda arudi, ilibidi mimi niondoke. Nilipandisha kilima kwa gia ya pili, injini inalia, na mimi nalia nayo.

Juu ya kilima nikakutana na gari langu.

Naapa hivyo ndivyo nilivyofikiri. Land Cruiser ndefu, nyeupe, ina vumbi lile lile hadi madirishani. Ilikuwa inakuja upande wangu. Ikapiga taa, ikasimama dirisha kwa dirisha. Ndani kulikuwa na wanaume wamevaa sare za doria. Aliyeketi mbele alikuwa na jina kifuani: Masele.

"Habari za kazi, dada," akasema, kama mtu anayemsalimia mwenzake. "Mmeshamaliza upande huu?"

Mmeshamaliza. Alilitazama gari, hakunitazama mimi.

Sikuwahi kupewa nafasi rahisi hivyo maishani. Ilikuwa neno moja tu: tumemaliza. Wangegeuza, kanga ingeshuka, na hakuna mtu angekamatwa. Nikafungua mdomo kulisema.

Lakini kutoka juu ya kilima niliona kitu ambacho kutoka chini hakikuonekana. Ile mitumbwi miwili haikuwa imejificha nyuma ya rasi. Ilikuwa imekwenda moja kwa moja, hata injini zake sikuzisikia tena. Hakuna aliyebaki wa kumvuta Otuoma. Na mtumbwi wake ulikuwa umelala upande mmoja, mawimbi yanaingia, naye ameacha kamba ya injini anachota maji kwa mikono.

"Mna boti?" nikauliza.

"Ipo mwalo wa jirani. Kuna nini?"

Nikisema, atakamatwa. Nisiposema, atakufa maji. Nimezunguka na jambo hili wiki nzima, usiku na mchana, na bado sioni kama nilikuwa na jibu jingine.

"Kuna mtu anazama pale."

Masele hakupoteza muda. Akaita boti kwa redio, wakashuka kilima kwa kasi, na mimi nikawafuata. Sasa yalikuwa magari mawili meupe yanayoingia mwaloni. Mama Aluoch alikuwa ameshaishusha kanga, ameishika mkononi. Alitazama la kwanza, akatazama langu nyuma yake, akaketi chini mchangani. Kwake yeye, nilikuwa nimekwenda kuwaita wenzangu.

Tulisimama ukingoni tukitazama boti. Iliufikia mtumbwi ukiwa umebaki ubao wa juu tu. Walipomvuta nilijikuta nimekaa kwenye bampa la gari, nalia bila kujali nani ananiona. Alikuwa hai. Mungu akubariki, Masele, popote ulipo, alikuwa hai.

Na wavu alikuwa nao. Mwanaume yule, maji yamemfika kifuani, hakuutupa wavu wa kuazima. Wakaushusha, wakaunyanyua juani. Hata mimi nisiye mvuvi niliona kwamba matundu yale hayapitishi kitu.

Masele akanijia akijifuta maji. "Dada, umefanya kazi nzuri. Samahani, sikukufahamu. Wewe ni wa ofisi gani?"

"Si wa ofisi yoyote. Nanunua dagaa."

Uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza akanitazama mimi, si gari. "Unanunua dagaa wa hapa? Wa huyu?"

Nilijua maana ya swali lile. Anayenunua mzigo wa wavu haramu naye anapakiwa, na gari lake linabaki kituoni. Akanishika kiwiko, akanipeleka mbele ya Otuoma aliyekuwa ametiwa pingu, anatetemeka, maji yanamtiririka.

"Wewe. Huyu mama ni mnunuzi wako?"

Otuoma alilitazama gari kwanza. Kila mtu hulitazama gari kwanza. Kisha akalitazama gauni langu, kisha mimi.

"Sijawahi kumwona."

Nilipaswa kushukuru. Nilihisi nimechomwa. Ananiokoa huyu, au ananikana? Uso wake haukusema chochote.

Hapo mama Aluoch akaanza kuongea Kijaluo, haraka, amenyoosha kidole kwangu, kisha kilimani, kisha kwangu tena. Masele hakuelewa. Mimi pia sikuelewa neno hata moja, lakini sikuhitaji kutafsiriwa: huyu ndiye aliyekuja akikutaja kwa jina, huyu ndiye aliyekwenda kuwaleta. Otuoma alielewa. Alimsikiliza mama yake mpaka mwisho, kisha akanigeuzia mgongo.

"Haya," Masele akasema, amelainika. "Kama hamjuani, basi tusaidie jambo moja, dada. Letu limejaa vijana wangu na nyavu tulizokamata kwingine. Lako lina nafasi nyuma. Tumpeleke huyu kituoni."

"Gari langu?"

"Ni mwendo mfupi. Mimi nitakaa na wewe mbele."

Ningekataa, angeuliza kwa nini. Wakampandisha Otuoma nyuma ya gari langu. Mama Aluoch alisimama kuangalia mwanawe anapakiwa kwenye gari alilokuwa ameliogopa tangu lilipotokea kilimani, na mimi ndiye niliyewasha injini. Tangu siku ile, nikimwazia yule mama, silali.

Barabarani watoto walilikimbia gari. Wanawake kisimani walisimama wima mpaka tukapita. Kwenye kituo cha ukaguzi trafiki akapiga saluti, na mimi nikatamani anisimamishe, aniulize leseni, pembetatu, mtungi wa moto, aniulize chochote.

Kwenye kioo cha kutazamia nyuma niliona kichwa cha Otuoma kimeinama. Nilikuwa na jambo la kumwambia na sikuwa na njia ya kulisema. Nikamwambia Masele.

"Afande, mimi nisingesema kitu. Ni yale mawimbi. Mtumbwi ulikuwa unajaa, na wenzake walikuwa wamekwenda. Angekufa mbele ya macho yangu."

"Ulifanya vizuri, dada."

"Nilikuwa nimekuja kwa habari njema kabisa. Sikujua kama gari hili lina mambo haya. Nimelipata juzi tu."

"Magari haya yana heshima yake," Masele akasema, akacheka kidogo.

Tukaenda. Mashamba yakapita, mawe yakapita. Nikatazama kioo. Kichwa kilikuwa kimenyanyuka, na macho yalikuwa yananitazama, mekundu ya maji ya ziwa. Hayakuwa na hasira. Nilijua anataka kusema, na nikamwomba Mungu anyamaze.

Hakunyamaza. Alisema taratibu, kama tuko wawili, kama tunapima dagaa.

"Kwa hiyo ile Vitz umeiuza, mama Hellen?"

Masele akageuza shingo. Alimtazama yeye, akanitazama mimi, kisha akanyoosha mkono na kushika ufunguo wa gari.

"Simamisha hapa," akasema.